Swichi za ziada na vifaa vya umeme kwenye gari la porini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anaponunua taa yake ya kwanza ya ziada na kuanza kutafuta mahali pa kutoboa kwenye dashibodi. Nimeyapanga kwa kadiri kazi yenyewe inavyokwenda, ingawa mengine yameruka foleni. Hesabu zote ni za gari la volti 12. Kwenye gari la volti 24, kifaa chenye wati zilezile hula nusu ya ampea, na rilei na taa lazima ziwe za volti 24.

Nianzie wapi? Ninunue swichi gani?

Swichi inunue mwisho. Anza na karatasi na kalamu. Andika kila kifaa unachotaka kufunga leo, pamoja na vile unavyojua moyoni kwamba utavitaka mwakani, maana sijamwona aliyeishia kwenye taa mbili. Mbele ya kila kifaa andika mambo matatu: kinakula ampea ngapi, kiko umbali gani kutoka kwenye betri, na kama kitatumika injini ikiwa imezimwa. Hili la tatu husahaulika sana, kisha linakuja kudai haki yake asubuhi kambini stata inapogoma.

Ampea unazipata kwa kugawa wati kwa volti. Taa mbili za halojeni za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawa kwa 12, unapata ampea 9 na kidogo. Ufito wa LED (taa ndefu yenye safu ya vitaa vidogo) wa wati 180 ni ampea 15. Friji ya gari hula ampea 4 au 5 inapozunguka, inanyamaza, kisha inazunguka tena, hivyo hivyo hadi kunakucha. Kompresa ya kujaza matairi upepo hula 25 hadi 30, na zile za silinda mbili hupita 50. Winchi, ile mashine ya kebo ya kulivuta gari lililokwama, iache kando, ina swali lake.

Tahadhari moja: LED nyingi za bei ya chini zina wati za kujigamba kwenye boksi. Imeandikwa 300, ukipima unakuta 90. Kwa hesabu ya usalama hakuna hasara, lakini usije ukashangaa mwanga ulikokwenda.

Kwa nini nisipitishe umeme wa taa moja kwa moja kwenye swichi? Swichi imeandikwa ampea 20.

Nilifanya hivyo kwenye gari langu la kwanza. Taa mbili za halojeni, swichi ya duara, waya mmoja mnene kiasi uliotoka betri ukaingia kebini, ukapita kwenye swichi, ukarudi nje hadi kwenye bampa. Ziliwaka vizuri miezi kadhaa. Usiku mmoja nikasikia harufu ya plastiki iliyopata joto, nikadhani ni klachi. Nilipoigusa swichi, kidole kilirudi chenyewe. Nyuma yake terminali ilikuwa imelegea kwa mtikisiko, na pale palipolegea ndipo joto lilipojizalishia. Plastiki ilikuwa imelainika kama nta. Fyuzi haikukatika, na haikuwa na sababu ya kukatika: ampea zilikuwa zilezile 9, ila zilikuwa zinapita kwenye tundu la sindano.

Ndiyo maana ya rilei. Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku. Sumaku yake inahitaji karibu ampea 0.15 hadi 0.2 tu, kwa hiyo waya unaoingia kebini unaweza kuwa mwembamba, swichi ikawa ndogo, na mzigo wote ukabaki upande wa injini: betri, fyuzi, rilei, taa. Njia inakuwa fupi, volti hazipotei njiani, na ndani ya dashibodi hapapiti umeme mkubwa karibu na miguu yako.

Hilo la "ampea 20" nalo lisome vizuri. Swichi nyingi huandikwa uwezo wao kwa umeme wa nyumbani au kwa mzigo mtulivu. Mota ya kompresa inapoanza huvuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida, na inapozimwa hupiga cheche kwenye midomo ya swichi.

Basi kila kitu kinahitaji rilei?

Hapana. Taa ya ndani, taa ya kusomea ramani, soketi ya USB, kifaa chochote cha chini ya ampea 3 hivi kinaweza kupita kwenye swichi nzuri bila shida. Fyuzi ndiyo haisamehewi hata hapo.

Miguu ya rilei imeandikwa 30, 85, 86 na 87. Ipi inakwenda wapi?

Namba hizo zimetoka kwenye kiwango cha Kijerumani, DIN 72552, na zinatumika karibu kila mahali. 30 inapokea moto (umeme wa upande chanya) kutoka betri, ukiwa umeshapita kwenye fyuzi. 87 inapeleka moto kwenye taa au kifaa. 86 inapokea ishara kutoka kwenye swichi. 85 inakwenda ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye kichwa hasi cha betri. Kwenye rilei ya kawaida 85 na 86 zinaweza kubadilishana, lakini zile zenye daiodi ndani yake haziruhusu, kwa hiyo zoea mpangilio mmoja.

Ukiona mguu wa tano, 87a, usiuchukulie kama 87 ya ziada. Huo una moto wakati rilei imezimwa, na hukatika inapowashwa. Watu wamewahi kufunga taa hapo, wakalala, wakaamka na betri tupu, wakalaumu betri.

Fyuzi iwe ya ampea ngapi, na ikae wapi?

Fyuzi inalinda waya. Taa yako haiijui kabisa. Ukilishika hilo, majibu mengine yanajileta yenyewe.

Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, ndivyo inavyozungusha stata. Waya wako ukichubuka dhidi ya ukingo wa bampa na shaba ikagusa chuma, betri haitauliza kama ulikusudia. Waya mwembamba utageuka kuwa hita, na ganda lake litashika moto pamoja na nyaya jirani zake. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kiasi cha shibri moja, maana kipande chote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Fyuzi iliyowekwa karibu na taa inalinda kipande kifupi kilicho mbele yake, na kuacha mita mbili za waya zijitegemee.

Ukubwa wake uwe juu kidogo ya ampea za kifaa lakini chini ya zile ambazo waya unaweza kubeba. Ufito wa ampea 15 upewe fyuzi ya 20, kwenye waya unaostahimili zaidi ya 20. Kwa fyuzi za kawaida za bapa, nyekundu ni 10, bluu ni 15, njano ni 20, kijani ni 30. Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya rangi ileile. Ikikatika tena, tafuta shoti. Kupandisha rangi ili isikatike ni kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele.

Waya unene gani?

Hapa ndipo watu hubana pesa pasipostahili. Waya una ukinzani, na kila mita inakula volti kidogo. Kwa shaba, hesabu ni hii: 0.0172 mara urefu kwa mita (kwenda na kurudi), mara ampea, gawa kwa unene kwa milimita za mraba. Jibu ni volti zilizopotea.

Chukua ule ufito wa ampea 15 ulio juu ya paa. Kutoka betri hadi pale ni mita 4, na ukirudisha ethi kwa waya ni mita 8. Kwa waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza karibu volti 1.4. Kwa 2.5 unapoteza 0.8. Kwa 4 unapoteza kama nusu volti, na kwa 6 theluthi moja. Mimi hulenga isizidi nusu volti kwa taa, kwa hiyo hapo ningevuta wa 4.

Volti moja na ushei haionekani kubwa hadi uione usiku. Halojeni ikipungukiwa sehemu ya kumi ya volti zake hupoteza karibu theluthi ya mwanga. LED nzuri zina saketi inayofidia, lakini hufidia kwa kuvuta ampea zaidi, na waya mwembamba unazidi kupata joto.

Dukani kuna mitego miwili. Wa kwanza: "waya wa milimita 6" unaweza kuwa umepimwa unene wa nje pamoja na ganda lake, na ndani mna shaba ya milimita za mraba 4 na kidogo tu. Uliza milimita za mraba, au hesabu uzi mwenyewe. Kwa kipimo cha AWG cha Marekani namba hupungua kadiri waya unavyonenepa: 10 ni mnene kuliko 14. Wa pili: alumini iliyopakwa shaba. Ni nyepesi mkononi, na ukiikwangua kwa kisu nyeupe inajitokeza chini ya wekundu. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inavunjika kwa mtikisiko, na inaota kutu kwenye maungio. Kwenye gari linalokwenda njia mbovu sitaki hata kuiona.

Nyaya ziwe za nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mgumu, utakatika ndani ya ganda bila wewe kuona.

Ethi niifunge wapi? Si popote penye chuma?

Popote penye chuma ndipo matatizo yanapozaliwa. Niruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu kama kuna jambo moja ningemwambia kila anayefungua boneti, ni kwamba umeme unaokwenda lazima urudi, na njia ya kurudi ina thamani sawa na ya kwenda.

Rafiki yangu alikuwa na spotilaiti zilizowaka kama mishumaa. Alibadilisha balbu, akabadilisha rilei, akanunua taa nyingine kabisa. Mishumaa ikaendelea. Tulichukua multimita, taa zikiwa zimewashwa, ncha moja kwenye ethi ya taa na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Hapo mita ingepaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma 2.6. Yaani zaidi ya volti mbili na nusu zilikuwa zinapotea kurudi nyumbani. Ethi ilikuwa imefungwa kwenye bolti ya bampa la chuma, na bampa lenyewe lilikuwa limepakwa rangi nene ya unga pande zote, hata ndani ya matundu. Umeme ulikuwa unapita kwenye kijisehemu cha uzi wa bolti kilichochubuka. Tulivuta waya hadi kwenye fremu, tukakwangua rangi hadi chuma kikang'aa, tukatia washa yenye meno, tukakaza, kisha tukapaka grisi juu kuzuia kutu. Taa zilezile, balbu zilezile, na mti uliokuwa kivuli tu ukaanza kuonyesha majani.

Kwa hiyo: kwangua, kaza, paka. Usitegemee bampa, tanki, bawaba za mlango au boneti. Ukiwa na vifaa vingi, weka kipande kimoja cha shaba chenye bolti nyingi, kivutie waya mmoja mnene kutoka kwenye fremu au betri, na ethi zote zikutane hapo.

Kwenye magari ya karibuni angalia kichwa hasi cha betri. Kukiwa na kidude kidogo cha plastiki chenye waya mwembamba, hicho ni kihisi kinachopima umeme unaoingia na kutoka ili kompyuta ijue hali ya betri. Ethi yako ifunge upande wa bodi, baada ya kihisi. Ukiifunga juu ya kichwa chenyewe, kompyuta haitaona unachokula na itaichaji betri kwa hesabu za uongo.

Kuna waya wenye moto karibu na ninapotaka kufunga. Niuchanje?

Usiuchanje. Waya wa kiwandani umepimwa kwa mzigo wake, haujawekewa akiba kwa ajili yako. Kwenye magari ya kisasa hata hujui unachochanja: waya wa taa unaweza kuwa unapeleka umeme kwa mapigo ya haraka, na kompyuta ikihisi mzigo wa ziada inaandika kosa au inazima taa kabisa. Nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja huenda ni za mtandao wa CAN, ambao kompyuta za gari hutumia kuongea. Nyaya zenye ganda la njano kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Hizo usiziguse hata kwa sindano ya kupimia.

Kinachoruhusika ni kuazima ishara. Ukitaka rilei zako ziamke gari linapowashwa, tumia kile kiingilio kinachochomekwa mahali pa fyuzi na kubeba fyuzi mbili, kwenye nafasi yenye moto wa ufunguo, kama ile ya soketi ya kiberiti. Hapo unachukua sehemu ndogo ya ampea kwa ajili ya sumaku za rilei. Mzigo wenyewe unatoka betri.

Nataka taa za ziada ziwake pamoja na fulu (taa za kumulika mbali) tu. Inawezekana?

Ndiyo, na ni busara. Chukua ishara kwenye fulu, ipitishe kwenye swichi yako, kisha kwenye mguu wa 86. Swichi ikiwa imewashwa, taa zinafuata fulu: ukishusha dimu kwa ajili ya anayekuja, zako zinazimika bila kuinua mkono. Swichi ikizimwa, hakuna kinachowaka hata ukiwasha fulu. Kama gari lako ni la zile fulu zinazotumwa kwa mapigo au kwa CAN, kuna vifaa vidogo vya kusoma ishara hiyo bila kuichafua.

Sheria za taa za ziada barabarani hutofautiana nchi kwa nchi: idadi, urefu kutoka ardhini, rangi, na kama lazima zifunikwe. Ufito wa juu ya paa ndio unaokatazwa zaidi. Hata panaporuhusiwa, porini kwenye vumbi au ukungu huo wa paa unamulika boneti yako na kukupofusha mwenyewe. Taa za chini, kwenye bampa, zinaona vizuri zaidi.

Maungio niyalehemu kwa risasi au niyabane?

Yabane, kwa koleo ya kubania iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ile yenye meno yasiyoachia hadi imalize. Risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuugeuza waya kuwa mgumu. Pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko unapoukatia. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu. Ukichomoka, bora uchomoke mkononi mwako kuliko mtoni. Funika kwa mpira unaonywea kwa joto, ule wenye gundi ndani.

Tepu nyeusi ya umeme si kifuniko. Ndani ya joto la injini gundi yake inageuka kuwa asali, na tepu inajifungua yenyewe.

Nyaya zipite wapi kuingia ndani?

Tafuta kwanza tundu lililopo kwenye ukuta wa injini, lenye raba yake, na utoboe raba badala ya chuma. Ukilazimika kutoboa chuma, angalia upande wa pili mara mbili, paka rangi ukingo wa tundu, na uweke raba kabla waya haujapita. Chuma kilichotobolewa ni wembe. Nyaya zivishwe bomba la mikunjo, zifungwe kila shibri moja, na zikae mbali na ekzosi na vitu vinavyozunguka. Acha ulegevu kidogo pale injini inapotikisika, maana injini na bodi havichezi pamoja.

Na kabla ya yote hayo, fungua kichwa hasi cha betri. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona umeme kwa macho.

Vipi winchi? Naweza kuiweka kwenye paneli ya swichi?

Umeme wake mkubwa, kamwe. Winchi inapovuta kwa nguvu zake zote inaweza kula zaidi ya ampea 400. Inatoka betri moja kwa moja kwa kebo zake nene, za milimita za mraba 35 au zaidi, kwenda na kurudi, bila kutegemea ethi ya bampa. Weka swichi kubwa ya kukata karibu na betri, ili gari likiwa barabarani kebo zisiwe na moto: zinapita mbele kabisa, mahali pa kwanza kubondeka ukigonga kitu. Kwenye dashibodi unaweza kuweka swichi inayoamsha solenoidi zake (rilei kubwa za winchi) tu, na iwe ya kujirudisha yenyewe ukiiachia. Tumia winchi injini ikiwa inaunguruma, kwa vipindi vifupi, na upumzishe mota.

Je, nahitaji betri ya pili?

Kama unavyotumia vyote ni wakati injini inaunguruma, huenda huhitaji. Ukiwa na friji, taa za kambi na chaja za simu usiku kucha, unahitaji.

Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na kuishusha chini ya hapo mara kwa mara kunaifupisha maisha. Altaneta inapochaji utaona 13.8 hadi 14.7. Vitenganishi vya kizamani hutumia tofauti hiyo: vikiona kama 13.3 vinaziunganisha betri mbili, vikiona kama 12.8 vinazitenga, ili ile ya stata isiguswe.

Hilo lilifanya kazi vizuri hadi zilipokuja altaneta zinazoongozwa na kompyuta, ambazo hushusha volti barabarani ili kubana mafuta. Kitenganishi kinadhani injini imezimwa, na betri ya pili haijai hata ukiendesha siku nzima. Kwa gari la namna hiyo, au ukiweka betri ya litio, nunua chaja ya betri kwa betri, inayopandisha volti yenyewe na kufuata utaratibu wa betri husika.

Vigari vidogo vya viti viwili vya kuchezea matopeni vina jenereta ndogo sana. Humo jumlisha wati kwa uangalifu, na kumbuka kwamba injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, jenereta inazalisha pungufu zaidi.

Gari likikaa wiki moja betri inakufa. Ni vifaa vyangu?

Pima. Weka mita kwenye ampea, tundu la 10, uiunganishe kati ya kichwa hasi na waya wake. Funga milango, ondoa ufunguo, subiri nusu saa au zaidi hadi kompyuta zilale. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utachoma fyuzi yake. Chini ya miliampea 50 ni kawaida: kwa siku ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 60 itachukua zaidi ya wiki tatu kufika nusu. Ukiona 300, ni siku nne. Chomoa fyuzi zako moja moja hadi namba ishuke. Washukiwa wangu wa kwanza ni soketi za USB zenye kioo cha volti, kisha redio, kisha inveta iliyoachwa imewashwa.

Nikiwasha taa, redio ya mawasiliano inakoroma.

Ni saketi ya ndani ya LED inayokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na nyaya zake zinageuka antena. Tenga nyaya za taa na ile ya antena, kaza ethi za taa, na weka pete za feraiti kwenye waya karibu na taa. Ikishindikana, taa yenyewe ni mbovu kwa muundo. Redio upande wake ipewe moto na ethi moja kwa moja kutoka betri.

Nifunge rilei zangu mwenyewe au ninunue moduli ya kielektroniki?

Moduli ni boksi moja chini ya boneti lisilo na rilei za sumaku, lenye paneli ya vitufe ndani na waya mmoja mwembamba kati yao. Kila njia unaweza kuipangia ampea zake, iwake na ufunguo au bila, hata kuzima yenyewe volti zikishuka. Inaokoa siku nzima ya kazi na tundu moja linatosha ukutani. Magari mengine huja nayo tayari: Jeep Wrangler na Ford Bronco kwa mfano huuzwa zikiwa na swichi za ziada za kiwandani kama chaguo, na nyaya zake zikiwa zimeachwa zinasubiri. Kama unazo, tumia hizo kwanza.

Mimi bado napenda rilei. Ikifa porini nachomoa ile ya honi nachomeka hapo. Moduli ikifa, swichi zote nane zimekufa pamoja. Kwa vifaa zaidi ya vitano, hata hivyo, nakiri moduli inashinda.

Swichi nizipange vipi?

Kwa kidole gizani. Zile za bapa za kubofya pande mbili huhitaji tundu la takriban milimita 37 kwa 21, na ziko nyingi zenye maandishi yanayowaka. Taa ziweke pamoja, kompresa na za kufunga difu (kuyafanya magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja) pamoja, na winchi peke yake chini ya kifuniko. Kama difu zako hufungwa kwa upepo, unganisha swichi zake ili zipate moto baada tu ya ile ya kompresa kuwashwa. Usiweke kitu chochote mbele ya goti au juu ya mfuko wa hewa.

Maji na matope?

Rilei na fyuzi ziwe juu kadiri inavyowezekana, mdomo wa boksi ukiangalia chini. Waya unaoingia kwenye kiunganishi uning'inie kwanza kama ndevu kisha upande, ili tone lidondoke kabla ya kufika. Kwa nje tumia viunganishi vyenye raba, kama vile vya Deutsch DT, ambavyo pini zake za kawaida hubeba ampea 13. Mzigo wa 15 ugawe pini mbili au chukua ukubwa mwingine.

Nimefunga kila kitu na taa haiwaki.

Bonyeza swichi usikilize. Rilei ikilia tak, upande wa swichi ni mzima. Pima moto kwenye 87. Ukiwepo, nenda kwenye taa upime hapo, kisha upime ethi kama tulivyofanya kwa rafiki yangu. Usipokuwepo, rudi 30, kisha fyuzi. Rilei isipolia, pima 86 swichi ikiwa imewashwa, kisha 85 kama kweli imefika ethi. Pima mzigo ukiwa umeunganishwa: waya uliobaki na uzi mmoja utakuonyesha volti 12 kamili hadi uuombe kazi.

Kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kitaa cha ndani ya swichi.

Kina mguu wake wa ethi. Swichi yenyewe haiuhitaji, ndiyo maana inafanya kazi bila huo. Vuta waya mwembamba kutoka hapo hadi ethi ya dashibodi. Kama kinawaka muda wote badala ya kuzimika, umekipa moto wa taa za dashibodi kwenye mguu uliokuwa wa kuonyesha kwamba kifaa kimewashwa, vibadilishane.